Alichokitazama Elinaza Kabla ya Kutua

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili asije akatokea mtu wa kunisema pembeni. Muuza nyanya pale sokoni Same akinichekea sana, nazipindua nyanya zake zote nitazame chini. Mchungaji akisema leo mahubiri ni mafupi, natia karanga kwenye mkoba. Na kwa miaka thelathini na moja nimeolewa na rubani, mtu anayeniaga jikoni asubuhi na mdomo una chai, saa moja baadaye yuko juu ya mawingu ambako siwezi hata kumtuma mtoto wa jirani akamchungulie. Sasa niambieni, mwanamke gani hapo angelala usingizi wa kutulia?

Mume wangu anaitwa Elinaza. Amezaliwa Bombo, kule juu Upareni, mtoto wa mkulima wa maharage na migomba. Mama yake alinisimulia, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tukichambua maharage, kwamba Elinaza akiwa mdogo hakufaa kwa jembe wala kwa mbuzi. Kazi aliyofaa ilikuwa moja. Alasiri alitumwa kwenye ukingo wa mlima, pale unapouona uwanda wote wa Ndungu na Maore chini, akatazame moshi wa wakulima wanaochoma mabua ya mpunga. Moshi ukisimama wima, maharage yanaachwa kwenye mikeka yakauke. Moshi ukiulalia mlima, alipiga kelele kule kule alikokuwa, kina mama wote wakakimbia kuanua. Hakukosea hata siku moja, alisema mama mkwe. Mimi nikaitikia "hee" na kuendelea kuchambua, maana mama wakwe wote wana mtoto ambaye hakukosea hata siku moja.

Alivyofika kwenye ndege ni habari ndefu, nitaikata. Alikwenda Moshi kufagia karakana ya ndege, akafagia miaka mitatu, akang'ang'ania kuuliza maswali mpaka mafundi wakachoka, kanisa likamsomesha ili apunguze kuuliza. Sasa ana umri wa miaka hamsini na minane na anarusha ndege miaka ishirini na saba. Kampuni yake ni ndogo, ndege tatu, inabeba watalii wa mbugani na mara nyingine mgonjwa aliyeumwa na nyoka. Wanatua kwenye kiwanja cha udongo mwekundu huku bondeni, dakika ishirini kwa bodaboda kutoka nyumbani kwetu Same mjini.

Msidhani nimeolewa na mtu wa maajabu. Huyu huyu Elinaza akiendesha pikipiki utamhurumia. Anatazama mbali mno. Kona ya kesho kutwa anaiona, shimo lililo mbele ya tairi halioni. Kuku wa jirani zangu amewakanyaga wanne. Na mimi je? Pasaka iliyopita nilisuka nywele, msuko wa siku nzima, nimekaa chini mpaka kiuno kikafa ganzi. Aliuona siku ya tisa. Tena aliuliza kama ni mpya.

Basi mwezi wa nane mwaka jana kampuni ikaleta miwani.

Elinaza alinieleza akiwa anavua viatu. Amekuja binti wa chuo kutoka Dar es Salaam, anaitwa Agatha, ana miwani yenye kamera. Marubani wanaivaa wakiwa wanatua, na kamera inaonyesha macho yao yalikuwa yanatazama wapi. Eti ni utafiti, wajue wakongwe wanatazamaje na vijana wanatazamaje.

"Na wakishajua?" nikamuuliza.

"Watawafundisha vijana."

Thubutu! Mimi nilisikia harufu mara moja. Mtu haji na kamera kutoka Dar es Salaam kupima macho ya mzee wa miaka hamsini na minane kwa mapenzi ya elimu. Wanatafuta sababu ya kumtoa, nikasema moyoni, waweke damu changa yenye mshahara mdogo. Nikamwambia Elinaza amlete huyo binti nyumbani Jumapili ale makande. Alifurahi, akadhani ni ukarimu.

Agatha alikuja, msichana mwembamba, mpole, kompyuta kifuani kama Biblia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, penye mwanga."

Nilimpakulia makande, nikamwacha ale vijiko vitatu, kisha nikamwomba anionyeshe hayo mambo yake. Elinaza alikuwa nje ananawa. Binti wa watu hakuwa na hiana, akafungua kompyuta palepale pembeni ya bakuli.

Kwanza akanionyesha kijana mmoja, Gadiel, mwenye miezi minane tu kwenye kazi. Ilikuwa picha ya kiwanja kinavyoonekana kutoka kwenye kiti cha rubani, udongo mwekundu unasogea, na juu ya picha maduara yanaruka. "Duara likiwa kubwa, jicho limekaa sana mahali pale," akasema Agatha. "Likiwa dogo, limepita tu." Maduara ya Gadiel yalikuwa makubwa kama sahani, na yalikuwa mawili: moja kwenye kipimo cha mwendo, moja pale barabara ya ndege inapoanzia. Jicho linatoka huku linakwenda kule, linarudi, linakwenda. Mtoto wa watu hatazami kitu kingine duniani. Hata mimi nisiyejua ndege niliona ana hofu.

"Sasa mtazame kapteni," akasema.

Maduara ya mume wangu yalikuwa madogo, mepesi. Kipimo cha mwendo anakigusa tu na kukiacha, mwanzo wa barabara vilevile. Jicho lake lilikuwa linakaa mbali, kule mwisho wa barabara, na linapita pembeni mara moja moja. Agatha alisema ndivyo walivyo wakongwe, hawatazami vitu vingi, wanajua kipi cha kuacha. Niliona fahari, sikatai.

Halafu duara moja likavimba, jekundu, kubwa kuliko yote. Halikuwa kwenye kiwanja. Lilikuwa nje kabisa, upande wa kushoto, juu ya paa la bati la kijani.

"Na hilo?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha, mama. Nimempima mara kumi na nne. Mara zote kumi na nne, kabla ya kutua, anatazama hapo. Sekunde mbili nzima, kwa rubani ni nyingi mno."

Kijiko changu kilikuwa hewani, nikakirudisha kwenye bakuli polepole. Bati la kijani lile nalijua. Nyumba ile ni ya Nashipae, mama wa Kimasai, mjane, ana miaka arobaini na kidogo na shingo ndefu ya kuvalia shanga. Ndiye anayetuuzia maziwa. Kwa miaka sita kila Jumanne Elinaza anakuja nayo, yana ile harufu ya moshi ya vibuyu vilivyofukizwa, na kwa miaka sita anakunywa, anajifuta midomo na kusema hakuna maziwa kama ya Nashipae. Nami nilikuwa nakunywa naye! Loo, nilijiona mjinga wa kutosha kujaza lori.

Elinaza akaingia anajipangusa mikono. Agatha, bila hila, akamgeuzia kompyuta. "Kapteni, hapa huwa unatazama nini?"

Aliinama, akakodoa. "Hapo? Mimi sitazami hapo."

"Kamera inasema unatazama."

"Basi kamera imekosea," akasema, akavuta kiti na kujipakulia makande.

Mtu mwenye kosa hutetemeka, hutafuta maneno. Huyu aliomba pilipili. Nilimtazama anavyotafuna nikasema kumbe nimeishi na fundi. Agatha alipokuwa anaaga alininong'oneza mlangoni kwamba wakongwe wengi wako hivyo, macho yanafanya kazi yenyewe na mwenye macho hajui, ukimuuliza anakujibu vingine na wala hakudanganyi.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe umempima mara kumi na nne. Mimi nampima tangu hujazaliwa."

Duara lile halikunikera mimi peke yangu. Meneja wa kampuni naye aliliona. Yeye hakufikiria mwanamke, alifikiria umri. Alisema macho ya mzee yanatoroka, na rubani anayetazama mapaa ya watu wakati wa kutua ipo siku atatua juu yake. Akaitisha mkaguzi. Ijumaa ya wiki ile mkaguzi angepanda naye, na asiporidhika na kutua kwake, leseni inawekwa kabatini na mzee anakwenda nyumbani.

Elinaza alinipa habari hizo Jumanne, ameketi kwenye ngazi ya mlango, anapaka viatu rangi. Alipaka kiatu kimoja mara mbili akasahau cha pili.

"Wakinishusha nitafanya nini, Yudith? Mgongo hauinami tena. Bombo watanicheka nikishika jembe, hata utotoni sikuliweza."

Nilitaka kumshika bega, na nilitaka kumpiga na hicho kiatu. Nilimpenda na kumchukia kwa pamoja.

"Basi acha kutazama paa la watu!"

"Sitazami paa la mtu."

"Elinaza!"

"Haki ya Mungu, Yudith. Sitazami."

Kuapa tena. Nikasema haya, wewe endelea kuapa, mimi nitalikata jambo hili kwenye mzizi. Akikosa cha kutazama, jicho litarudi barabarani, mkaguzi ataridhika, na ndoa yangu itapumua. Mnaona hesabu yangu ilivyokaa vizuri? Niliipenda mwenyewe.

Jumatano saa tisa na nusu nikashuka kwenye bodaboda mbele ya ua wa miiba wa Nashipae. Nilimkuta nje kama nilivyotarajia, amechuchumaa kando ya moto, vibuyu vimepangwa pembeni. Alikuwa anachukua kijinga cha mti wa mzeituni pori, anakiingiza ndani ya kibuyu, anakisugua, anakitoa. Kazi hiyo wanaifanya kila siku kabla ng'ombe hawajarudi kukamuliwa, ndiyo inayotunza maziwa. Moshi mzito mweupe ulipanda, ukakatika, ukanijia mimi usoni. Nikaziba pua na kanga.

"Shikamoo mama," akasema, akatabasamu.

Sikuitikia. Kwetu sisi hilo ni jambo zito, shikamoo haiachwi chini. Niliiacha makusudi. Tabasamu lake likaondoka.

"Mume wangu anatafuta nini hapa?"

"Mume wako? Kapteni?"

"Kila siku akitua anatazama hapa kwako. Kuna kamera imesema."

Alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu akaacha. "Mama, yeye yuko juu na mimi niko chini na vibuyu. Zaidi ya maziwa ya Jumanne, tunakutana wapi?"

"Kila siku muda huu uko hapa nje. Unamngoja nani?"

"Nangoja ng'ombe."

"Nashipae, usinizungushe. Kuanzia leo moto wako uwashe ndani ya nyumba. Ndege ikipita nisikuone nje, nisione chochote hapa. La sivyo tutaonana kwa mwenyekiti, na nitasema mbele ya watu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, ningepata pa kushika. Alisimama, akachukua ndoo, akaumwagia moto maji yote. Majivu yakaruka yakanichafua miguu.

"Nimezima," akasema. "Nenda mama. Na maziwa msinunue tena hapa."

Nilirudi mjini nimeshinda. Kwa nini basi nilikuwa najisikia vibaya, sijui, nikasema ni moshi umenikaa kichwani.

Ijumaa nikavaa gauni langu la kanisani nikaenda kiwanjani. Sikwenda kumwombea peke yake, nisidanganye. Nilikwenda kuhakikisha na kumwona Agatha akitoa picha ya mume asiyetazama paa la mtu. Nilikaa kwenye baraza ya ofisi pamoja na Agatha na yule kijana Gadiel. Elinaza alikuwa ameruka na mkaguzi tangu mchana, wamevaa vizuri wote wawili, na Elinaza ana miwani ya Agatha.

Wasioijua Same husema shida yetu ni jua. Hawajui upepo. Kuanzia saa tisa unaporomoka kutoka mlimani bila adabu, dakika hii unatoka huku, dakika ile umegeuka. Kwa ajili hiyo kiwanja kina ule mfuko wa rangi ya chungwa juu ya mlingoti, upepo ukiujaza rubani anajua unatokea wapi. Lakini mwaka juzi kampuni ilijenga ghala la matofali karibu na mlingoti, likaukinga mfuko na upepo. Siku ile niliukuta mfuko umening'inia kama soksi ya mtoto kwenye kamba. Ukiutazama huo unasema hakuna upepo. Na huku gauni langu lilikuwa linanipiga mapajani.

Saa kumi kasoro robo ndege ikaonekana. Ikashuka, ikashuka, ikaingia juu ya kiwanja, mbawa zikatikisika, ikawa inakimbia tu haitaki kukaa chini. Mara injini ikanguruma na ndege ikapanda tena juu.

"Kapteni anarudia?" akasema Gadiel. "Sijawahi kumwona akirudia."

Ikazunguka, ikaja mara ya pili. Ilikuwa vilevile. Ilikuwa kama mtu anayetafuta ngazi gizani, mguu unashuka hauikuti. Ikapanda tena. Agatha alikuwa ameacha kuandika.

"Mara ya tatu akishindwa," akasema Gadiel kwa sauti ya chini, "mkaguzi atachukua usukani atue mwenyewe. Na hapo habari ya kapteni imekwisha."

Nikamwuliza Agatha kulikoni.

"Sijui, mama. Kuna kitu amezoea kukiona leo hakioni. Na yeye mwenyewe hajui ni nini, kwa hiyo hawezi kukitafuta." Akanyoosha kidole kule kwenye bati la kijani. "Pale kila siku saa hizi huwa kuna nini?"

Nikafungua mdomo niseme, "Mwanamke." Nikatazama. Uwanja wa Nashipae ulikuwa mtupu, safi, kama nilivyoagiza. Na nikausikia ule moshi wa Jumatano unavyonijia usoni. Nikamsikia mama mkwe, marehemu, akichambua maharage. Moshi ukisimama wima, moshi ukiulalia mlima. Hakukosea hata siku moja.

Yesu wangu! Nilichokwenda kukizima si mwanamke.

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, gauni la kanisani, viatu nikavitupa njiani, kanga sijui iliangukia wapi. Nyuma nasikia Gadiel ananiita, "Mama, mama!" Juu nasikia ndege inazunguka ikienda kuchukua mwisho wa mzunguko wake. Miiba ya ua ilinipasua mkono sikuhisi mpaka baadaye.

Mlango wa Nashipae ulikuwa umefungwa. Nikausukuma. Ndani kulikuwa moshi mtupu hadi paani, na katikati yake Nashipae amechuchumaa, macho mekundu, anakohoa, anafukiza vibuyu vyake ndani ya nyumba kama mimi nilivyomwamuru.

"Nashipae, utoe nje! Moto utoe nje!"

Alinitazama. "Ulisema ndani."

"Utoe! Mume wangu hawezi kutua! Anatazama moshi wako, Nashipae, anatazama moshi, hajui kama anautazama. Nimemzimia macho!"

Alikuwa na haki ya kuniuliza maswali mia, na ya kunifukuza. Alitoka mlangoni, akainua uso, akaiona ndege inapinda kule mbali. Akarudi ndani, akashika vijinga kwa mikono yake miwili, vyekundu upande mmoja, akatoka navyo mbio. Nami nikazoa nyasi. Yeye akasema nyasi peke yake hazifai, akabeba kinyesi cha ng'ombe nusu kikavu nusu kibichi kutoka zizini, akamwaga juu. Nikapiga magoti nikapuliza. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Moshi ukatoka kidogo, ukatoka mwingi, mweupe, mnene, ukapanda kimo cha mtu, halafu upepo ukaushika ukaulaza chini kabisa, wote, kuelekea huko huko ndege inakokwenda.

Ndege ilikuwa imeshaanza kushuka. Ikatupita juu ya kichwa. Nikasema tumechelewa. Kisha nikaona bawa moja linainama, taratibu, na ndege ikaacha njia yake, ikapiga mzunguko mpana upande wa mlima, ikaja kwa mwisho wa pili wa kiwanja, upepo ukiwa usoni mwake. Ilikaa chini kama mama anavyomlaza mtoto. Hata vumbi lilikuwa dogo.

Nilibaki nimekaa pale chini kwenye kinyesi. Nashipae aliketi kando yangu, anapuliza vidole vyake vilivyoungua. Ni yeye aliyeanza kusema.

"Shikamoo mama."

Ilikuwa ile ile ya Jumatano, alikuwa ameitunza.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba. Nisamehe." Machozi yalinitoka, na sote wawili tukakubaliana kuwa ni ya moshi.

Nilirudi barazani mikono myeusi hadi viwikoni. Mkaguzi alikuwa anaandika karatasi zake. Alisema kurudia mara mbili hakumsumbui, mjinga ndiye anayelazimisha. Alichotaka kujua ni jinsi kapteni alivyotambua, mara ya tatu, kwamba upepo unamsukuma kutoka nyuma wakati mfuko wa kwenye mlingoti umelala. Elinaza alijikuna kichwa.

"Nilijua tu," akasema.

Leseni ikabaki mfukoni mwake. Agatha naye hakukubali jibu hilo. Akafungua kompyuta, akatuonyesha. Mara ya kwanza na ya pili, duara jekundu liko pale pale kwenye bati la kijani, linazunguka zunguka, linatafuta. Mara ya tatu linatulia. Ndani yake kuna moshi umelala, na chini ya moshi wanawake wawili, mmoja mrefu mwenye shanga, wa pili amepiga magoti, matako juu, gauni la kanisani.

Elinaza aliinama karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. "Ala! Moshi," akasema taratibu. "Kumbe natazama moshi." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa jina lake kwa mara ya kwanza. "Miaka yote hii. Yudith, kumbe natazama moshi!"

"Na hawa, kapteni?" akauliza Agatha, kidole kwenye picha.

Akatazama tena. "Hao sikuwaona."

Sekunde tatu na nusu, Agatha alisema, ndilo duara kubwa kuliko yote aliyompima. Katika ndoa yetu sikumbuki Elinaza kunikazia macho sekunde tatu na nusu bila kupepesa. Siku aliponikazia, nilikuwa nimepiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe, na hakuniona.

Kisha akageuka, akaniona nimesimama kando yake. "Mbona umechafuka hivyo?" akaniuliza.

Nilimweleza, lakini baadaye, nyumbani, baada ya kunawa, na nilimweleza yote pamoja na yale ya Jumatano. Halafu alikwenda mwenyewe kwa Nashipae na dawa ya kuungua, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki, na njiani alimkanyaga kuku wa tano.

Sasa Nashipae anafukiza vibuyu vyake nje, saa ile ile, na maziwa tunanunua. Siku nyingine naenda kumsaidia. Ndege ikikaribia, yeye hainui hata kichwa, anangoja ng'ombe wake. Mimi nainuka, nafunga kanga vizuri, nasogea pale moshi unapoanzia na kutazama juu. Nimesuka nywele upya. Agatha amerudi Dar es Salaam na miwani yake, kwa hiyo hakuna wa kunithibitishia, na Elinaza nikimuuliza kama ameniona anasema ndiyo, mama, nimekuona. Simwamini.